Mke wa Yona

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mdogo ananyonya, daftari liko gotini. Nimekwisha kabisa.

Jana baada ya ibada Mchungaji alitangaza kwamba kanisa linataka kuboresha huduma ya watoto na vijana. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Laiti ningejua! Akaendelea: madarasa mawili ya watoto wadogo, langu na la Fundi wa kushona, yataunganishwa yawe moja. Atabaki mwalimu mmoja. Jumapili ijayo anakuja Mkaguzi wa shule za Jumapili, atawauliza watoto maswali, kisha ataamua. Makofi yakanifia mikononi.

Fundi hakushtuka. Ashtuke nini? Ana picha za kubandika ukutani. Ana daftari la masomo ya mwaka mzima, lina jalada la plastiki. Watoto wake wakisimama wanakariri mistari kumi bila kumeza mate. Mimi nina mtoto wa miezi saba, na mkubwa wake wa miaka sita, na mume dereva wa lori, na Jumapili naingia darasani nimechana nywele upande mmoja. Lakini kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu, siku hiyo moja tu katika juma, watu ishirini na wawili wananiita Mwalimu. Shuleni sikufika mbali. Hakuna mahali pengine ninapoitwa hivyo. Na Binti yangu mkubwa yumo darasani, ananitazama kama vile mimi ni mtu.

Hilo bado si baya zaidi. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu yeyote. Kuna jambo la mke wa Yona.

Yona hana mke. Yaani Maandiko hayamtaji mke. Mimi ndiye niliyemwoza. Ilikuwa mwezi uliopita. Somo sikuandaa, Mdogo alikuwa anaota meno, sikupata usingizi hata wa kuazima. Nikafika pale Yona yumo tumboni mwa samaki siku tatu, akili ikazima. Kiza! Ndipo yule msichana wa miaka saba tunayemwita Wakili, maana yeye haulizi, anahoji, akataka kujua: je, siku zote hizo, nyumbani kwake nani alikuwa anamngoja? Mdomo wangu ukajibu wenyewe. Mkewe. Alipika kila jioni. Akafunika sahani. Akakaa mlangoni. Siku ya nne Yona akaingia ananuka samaki, mkewe akamwambia aoge kwanza.

Sijawahi kuwaona watoto wakinyamaza vile. Jumapili iliyofuata wakataka mwendelezo. Nikawapa. Sasa ana kuku watatu na maumivu ya mgongo. Ninawi, mji ambao Mungu alimtuma akahubiri, hatukuifikia kamwe. Watoto wangu hawajui kwamba Yona alikwenda Ninawi. Wanajua alikwenda kuoga.

Mkaguzi!

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango. Nitapita nyumba kwa nyumba, niite ziara za maombi. Kila nyumba nitamchukua mtoto pembeni, nimtoe mke wa Yona kichwani taratibu, kama unavyotoa mwiba. Nyumba ishirini na moja, siku tano. Binti nitamshughulikia mwenyewe jikoni.

Nilianza kwa Meno, anayeitwa hivyo kwa sababu mbele hana. Mdogo mgongoni, Biblia kwapani, uso wa mtu mwenye mzigo wa kiroho. Akafungua bibi yake. Akanikumbatia mpaka Mdogo akapiga chafya. Akaita watu wa ndani: njooni, njooni, ndiye huyu!

Bibi akasema mjukuu amemsimulia yote. Akasema yuko kanisani miaka sitini, kila mwaka anasikia habari za yule samaki, na hakuna mhubiri hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba kulikuwa na mwanamke pale. Akanishika mkono. Wanaume hawa, mwanangu, akasema, walitufichia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri njia nzima. Nikafungua kinywa. Nikasema: Ndiyo, Bibi.

Ndiyo, Bibi! Mimi ni mtu wa aina gani?

Nikiondoka akaniambia kesho kwenye maombi ya akina mama atatoa ushuhuda. Sikwenda nyumba ya pili.

Jumatano, 6 Machi

Nilikwenda kwenye maombi ili nimzuie. Mpango: nikae karibu naye, akisimama nimfinye Mdogo kidogo alie, vurugu itokee, zamu impite. (Mungu anisamehe. Ningefinya kidogo sana.)

Bibi akasimama. Nikamfinya Mdogo. Mdogo akacheka. Mtoto huyu analia mchana kutwa, siku ninayomhitaji anacheka!

Bibi akaomba Mungu atupe sote moyo wa mke wa Yona, aliyefunika sahani siku tatu asinung'unike. Akina mama wote wakaitika amina. Mmoja kule nyuma akalia kabisa. Mama Mchungaji akafumbua macho katikati ya sala, nilimwona kwa sababu na mimi yangu yalikuwa wazi. Baada ya ibada akanijia, Biblia mkononi, kidole tayari ndani. Akasema mpenzi, wewe ndiye mwalimu, hebu nionyeshe ni mlango upi, nataka niusome na mzee nyumbani.

Nikasema uko mbele mbele.

Akasema mbele wapi? Kitabu cha Yona kina milango minne, ni kurasa mbili hizi hapa.

Nikasema Mdogo amejichafua. Nikatoka mbio. Alikuwa mkavu kama karatasi.

Nimepita njia ya nyuma mpaka nyumbani. Kila mtu aliyenisalimia nilimwona ni Mkaguzi. Mwuza mkaa kanisalimia, nikaruka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamua: mke wa Yona lazima afe.

Ni rahisi kuliko kusema sikusema kweli. Nikiwaambia amefariki, somo linafungwa, hawatamtaja tena kwa heshima ya marehemu. Nikaomba wazazi waniletee watoto saa kumi uani kwangu, mazoezi ya kujiandaa na Mkaguzi. Walikuja kumi na tisa. Nikawapanga kwenye mkeka. Nikawaambia wanyamaze, na wakinyamazishwa na mimi huwa wananyamaza, hilo angalau naliweza. Nikasema kwa sauti ya upole: watoto, leo nina habari za huzuni.

Nilifikiri watakuwa na huzuni kiasi. Ya kikanisa.

Meno akapiga yowe. Wale wa mbele wakafuata. Mmoja akajifunika fulana usoni. Wakili peke yake hakulia, akasimama. Aliugua nini? Nikasema mgongo. Mgongo hauui, akasema, nyanya yangu anao. Alimwona daktari? Nani alimzika? Yona alikuwa wapi? Kama Yona alikuwa ndani ya samaki, nani alimpelekea habari? Nikaanza kutoka jasho la mgongo mzima. Kisha Binti yangu mwenyewe akauliza polepole sana: Mama, sasa Yona akirudi atakuta sahani haijafunikwa?

Nilimuua saa kumi na robo. Saa kumi na nusu alikuwa hai. Nikasema alizirai tu, majirani walikosea. Wakashangilia mpaka jirani yangu akachungulia juu ya ukuta.

Sasa hali ni hii: mke wa Yona ana kuku watatu, ana mgongo, na alikufa akarudi. Naona kama nazama.

Ijumaa, 8 Machi

Baba Watoto alipiga simu kutoka barabarani. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akacheka mpaka nikasikia anapiga usukani. Akauliza huyo mke ni mzuri? Nikamwambia hii si mizaha, wananinyang'anya darasa. Akacheka tena. Halafu akauliza sahani aliifunika na nini. Nikasema na sahani nyingine, ili chakula kisipoe. Safari hii hakucheka. Akasema kuna gari nyuma linampigia honi, akakata.

Lakini akili yangu haikulala. Wazo: kama siwezi kuwabadilisha watoto, nibadilishe maswali. Mkaguzi anaingia darasani kwa mara ya kwanza, hajui la kuuliza, atatazama ukutani. Picha iliyopo ukutani ndiyo atakayoulizia. Na picha zote ni za Fundi! Akibandika safina, tutaulizwa Nuhu. Kwa Nuhu tuko salama, sikuwahi kumwongezea kitu. Isipokuwa jirani mmoja.

Nikabeba gauni langu lenye mshono uliofumuka, nikaenda kibandani kwake. Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamsifia vitambaa. Nikamsifia pazia. Kisha nikasema, kama mtu anayepita tu, kwamba nimesikia Mkaguzi anapenda sana Nuhu, na ile safina yake ya kitambaa yenye twiga wawili ingependeza ukutani Jumapili.

Akaacha kukanyaga. Akatoa pini moja moja mdomoni. Akasema Mama Binti, tangu lini wewe unanitakia mema? Nikasema sisi sote ni watumishi. Akasema watumishi ndio, lakini nakujua, hapo kuna kitu, usinizunguke. Akaniuliza mimi mwenyewe nimejiandaa na somo lipi. Nikasema lolote. Akasema lolote kama Yona? Maana sifa za Yona wako zimefika mpaka huku kibandani.

Nikacheka. Kicheko kilitoka kama mlango mbovu. Nikaacha gauni, nikaondoka bila hata kuuliza litakuwa tayari lini.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda kufagia chumba cha watoto, zamu yangu. Nikafungua mlango, nikashika fremu nisianguke.

Samaki. Ukuta mzima. Kitambaa cha buluu, magamba ya vifungo, jicho kubwa kama sinia. Mdomo umefunguliwa, na ndani yake kuna mtu mdogo wa pamba mwenye ndevu. Fundi ameshona tangu jana! Alidhani namsukuma kwa Nuhu ili nijiwekee Yona peke yangu. Amenizuia. Amenimaliza kabisa, ila hajui.

Nikapanda kiti nimbandue. Pini sitini, nilizihesabu. Nilikuwa nimefika ya nane, Mchungaji akaingia. Akasema kazi nzuri, mnashirikiana, hiyo ndiyo roho. Akanishikia kiti huku nikizirudisha zote nane.

Jioni nilirudisha sahani yangu jikoni imejaa. Binti akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana mama, nenda kaoge. Akasema kama Yona. Nikamkazia macho, akaenda.

Jumapili, 10 Machi

Naandika bado sijavua nguo za kanisani.

Nilitarajia mzee mwenye miwani na fimbo. Akaja mama mnene, mpole, miguu imevimba. Akaomba kigoda, akavua viatu. Nikaogopa zaidi. Mkali unajua atakapokupigia, huyu wa sauti ya chini hujui.

Akaanza na watoto wa Fundi. Wakakariri mistari kumi, haikukosekana hata nukta. Fundi akanitupia jicho. Mkaguzi akamwuliza mmoja wao: na wewe ungekuwa Yona, ungeogopa nini? Mtoto akamtazama Fundi. Akatazama dari. Akaanza upya kukariri tangu mstari wa kwanza. Wa pili akaulizwa, naye vivyo hivyo. Nikamwona Fundi akishika ukosi wake. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo.

Kisha akageukia kwangu. Akatazama ukuta. Akamwonyesha samaki kwa kalamu. Akasema watoto, Yona alipotapikwa nchi kavu, alikwenda wapi?

Vichwa ishirini na viwili vikanigeukia. Nikatikisa changu, nikimaanisha msijibu. Wakaelewa natikisa kuwatia moyo.

Wakili akasimama. Akasema alikwenda kuoga. Meno akasema mkewe ndiye aliyemwambia. Baada ya hapo bomba likapasuka. Sahani! Mlangoni! Kuku watatu, wawili weupe! Mkaguzi akauliza huyo mke alijisikiaje siku ya pili, ambayo Yona hakurudi. Mtoto mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu mwaka jana akasema: alijifanya haogopi, ili watoto wasijue. Mkaguzi akaandika. Akauliza tena, wakajibu, akaandika. Kisha Meno akamalizia kwa utulivu kwamba mama huyo alikufa pia, lakini kidogo tu.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Akauliza nani amewafundisha haya. Nilifikiria kusema ni Bibi. Nilifikiria kuzirai, lakini nilikuwa na Mdogo mkononi, huwezi kuzirai na mtoto. Binti akasema kwa fahari: ni Mama. Akajisahihisha: ni Mwalimu.

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Tukaitwa wawili ofisini kwa Mchungaji, Fundi na mimi, tumekaa benchi moja kama wezi wa maembe. Mkaguzi akasema watoto wa Fundi wanayo maneno yote ila hawajui ni ya nini, akamwambia aanze kuwauliza, si kuwakaririsha tu. Fundi akainamisha kichwa. Kisha Mkaguzi akanigeukia mimi. Akasema amezunguka makanisa miaka mingi, hajapata kuona watoto wanaokumbuka kila neno walilosikia kwa mwalimu wao. Nikaanza kutabasamu. Akasema na hilo ndilo linalomtisha.

Tabasamu nikalimeza.

Uamuzi: darasa moja, walimu wawili. Fundi atashika kitabu, mimi nitasimulia, na kila somo nitaliandika Fundi alipitie kabla. Karibu nimrukie shingoni! Mkaguzi akainua mkono. Sharti moja. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya watoto na wazazi wao, nisome ukurasa mmoja wa masahihisho kuhusu Yona. Kweli tupu. Fundi atausaini Alhamisi. Likionekana hata neno moja la kutunga, narudi kukaa na akina mama wanaonyonyesha, na jina la Mwalimu litaishia hapo.

Nikasema nimeelewa. Nimeelewa kweli. Nimeogopa kiasi cha kutosha miaka kumi.

Alhamisi, 14 Machi

Mtu mpya! Nimeandika masahihisho, Mdogo amelala, nyumba imenyamaza.

Kwanza niliandika: Yona hakuwa na mke. Nikaitazama sentensi hiyo. Maandiko hayasemi alikuwa naye, lakini hayasemi pia hakuwa naye. Sasa hiyo si itakuwa ni kutunga? Nikaifuta. Nikaandika: Maandiko hayamtaji mke wa Yona. Kweli tupu, huwezi kuingiza hata sindano.

Fundi alikuja saa tisa, na gauni langu, mshono umenyooka. Akasoma mara mbili, kidole chini ya kila neno. Akasaini. Akasema mwenzangu, safari hii umekaa sawa, na mimi nilikuwa na wasiwasi na wewe. Akaniuliza jinsi ya kuwafanya watoto wanyamaze. Tukanywa chai. Akaondoka. Nilikaa na amani kama nusu saa.

Ndipo nikamkumbuka Wakili. Atasimama tu. Mbele ya wazazi, mbele ya Mchungaji, atasimama na kuuliza: kwa nini hayamtaji? Na mimi nitajibu nini, nikiwa nimesimama pale, watu wote macho kwangu? Nikibabaika, watasema mwalimu hajui. Jasho likaanza. Mwalimu lazima awe na jibu mkononi, hata Mkaguzi alisema tujiandae.

Chini ya saini ya Fundi kulikuwa na nafasi. Ndogo tu. Nimeongeza mstari mmoja, wa kuwatuliza watoto: hatajwi kwa sababu siku zile hakuwepo nyumbani, alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake. Na mama yake alikuwa anakaa Ninawi.

Ona jinsi mambo yanavyojipanga! Ninawi imeingia, Mkaguzi mwenyewe atafurahi. Na lile lililonisumbua tangu utotoni, kwa nini Yona alikataa katakata kwenda mji ule mpaka akapanda meli ya kukimbilia kwingine, sasa limeeleweka lenyewe. Mama mkwe.

Nimeliongeza hilo pia.